Kunguni Katika Ghala la Chama na Katika Nyumba Zetu

Hotuba ya Mtunza Ghala, iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Ni desturi ya Chama chetu kwamba kila mwaka mmoja wetu hutakiwa aseme neno juu ya jambo lenye manufaa kwa nyumba zetu. Katika miaka iliyopita tumesikia habari za karo za shule, za hati za mashamba, na za maradhi ya sukari. Mwaka huu nimetakiwa mimi, na nilipoulizwa nitasema juu ya nini, nilijibu kwamba nitasema juu ya kunguni. Baadhi ya wenzangu katika Halmashauri walicheka. Mmoja wao aliniuliza kama haifai tuchague jambo lenye heshima zaidi, maadamu hotuba itapigwa chapa katika kijitabu cha taarifa ya mwaka, na watoto wetu wataisoma. Nilimjibu kwamba ni kwa ajili ya heshima yenyewe nataka kusema.

Ipo nyumba moja miongoni mwa nyumba zetu ambayo heshima yake imeguswa mwaka huu, nayo imeguswa pasipo haki. Wengi mnaijua habari hiyo, wala sitataja jina la mtu. Mama mmoja alifiwa na mumewe, mwanachama wetu wa miaka mingi. Kwa desturi yetu Chama kilimpelekea magodoro kumi na mawili, mablanketi, mikeka, viti na masufuria makubwa, ili wageni waliotoka mashambani wapate pa kulala hadi siku ya kusafirisha maiti. Matanga yalikaa siku nne. Usiku wa pili wageni walianza kujikuna. Usiku wa tatu wengine walitoka nje, wakakesha vitini uani, ijapokuwa ulikuwa mwezi wa Julai, na baridi ya Nairobi ya Julai hakuna asiyeijua. Baada ya mazishi maneno yakaenea. Ikasemwa kwamba mama yule ni mchafu. Ikasemwa hata kwamba ugonjwa wa marehemu ulitokana na uchafu huo. Katika mkutano wa akina mama wa mwezi wa Agosti, viti vya kando yake vilikaa vitupu kuume na kushoto. Tangu siku ile hajaja tena mikutanoni, na leo pia hayupo.

Mimi ndimi mtunza ghala wa Chama, na ufunguo ninao mimi. Nasema mbele yenu nyote kwamba kunguni wale hawakutoka katika nyumba ya mama yule. Walipelekwa kwake na sisi, ndani ya magodoro yetu, juu ya gari tulilolilipia sisi wenyewe. Nitaeleza jinsi nilivyopata kujua. Lakini kabla ya hayo sina budi kumweleza kunguni mwenyewe, kwani wengi wetu tumelala naye na hatumjui.

Kunguni mzima ni mdudu bapa, mwenye rangi ya kahawia, na urefu wake ni milimita 5 hadi 7, yaani kadiri ya punje ya mchele. Akishiba hufura na kuwa mwekundu. Haruki kwa mabawa kama mbu, wala hachupi kama kiroboto. Kazi yake ni kutembea tu. Hana chakula kingine ila damu. Mchana hujibanza penye giza na wembamba: katika mishono ya godoro, katika matundu ya misumari, pale mfumbati wa kitanda unapoingia katika tendegu, nyuma ya kitakizo, chini ya chaga, nyuma ya picha iliyotundikwa, na katika nyufa za ukuta. Usiku, na hasa saa zile za kukaribia alfajiri, hufuata joto la miili yetu na pumzi tunazozitoa, akanyonya kwa dakika chache, kisha akarudi kwake. Hakai mwilini mwa mtu kama chawa. Ndiyo sababu mtu aweza kuoga kila siku na bado akaumwa kila usiku.

Jike hutaga mayai machache kila siku, na katika maisha yake huweza kutaga mia mbili na zaidi. Yai ni jeupe, urefu wake milimita 1, nalo limenatishwa ubaoni au kitambaani kama kwa gundi, hata ufagio hauliondoi. Penye joto huanguliwa baada ya siku 6 hadi 10. Mtoto hujivua gamba mara 5 kabla ya kuwa mzima, na kila mara kabla ya kujivua hana budi ashibe damu. Kwa hiyo kutoka yai hadi mzima hupita mwezi mmoja au zaidi, na katika baridi hupita muda mrefu kuliko huo. Magamba yale matupu hubaki pale pale alipojivulia, na pamoja nayo huonekana alama nyeusi kama nukta za wino. Hayo ni mavi yake, yaani damu yetu iliyokwisha sagwa tumboni mwake.

Naomba mzishike hesabu hizo, maana ndizo zilizonifunua macho. Magodoro yaliporudishwa kutoka matangani, niliyaweka peke yake, na siku ya pili asubuhi niliyatoa uani nikapasua mishono kwa wembe. Nilikuta kunguni wa kila kimo, kuanzia wale wadogo wasioonekana vizuri hadi majike makubwa. Nilikuta magamba matupu yamerundikana, makubwa kwa madogo. Nilikuta maganda ya mayai yaliyokwisha anguliwa, na pindo nzima imekuwa nyeusi kwa nukta. Mambo hayo hayafanyiki kwa siku nne, wala kwa sita. Kama kunguni wangaliingia magodoroni katika nyumba ya mfiwa, ningalikuta wachache, na labda mayai mabichi. Nilichokiona ni mji uliokaliwa kwa miezi mingi.

Ndipo nilipofungua daftari la ghala. Tangu mwezi wa Januari magodoro yale yalikuwa yamekwenda katika nyumba tatu kabla ya kwenda kwa mama yule. Nilikwenda kuzitembelea moja moja. Katika nyumba ya kwanza nilikaribishwa vizuri, nikanyweshwa chai, na nilipouliza nikajibiwa kwamba hakuna kitu kama hicho. Nikamwambia mwenye nyumba, "Ndugu yangu, kwangu wamo. Nimewakuta jana katika kitakizo cha kitanda changu." Akaninyamazia kitambo. Kisha akainuka, akafunga mlango wa barabarani, akasema, "Mzee, njoo uone." Walikuwa nao tangu Februari. Mkewe alikuwa akiamka saa tisa ya usiku kuwasaka kwa taa ya simu, watoto wasijue. Katika nyumba ya pili habari ilikuwa ile ile, ila wao walidhani wameletewa na binamu aliyetoka safarini, nao walikuwa wameacha kusemezana na binamu huyo. Nyumba ya tatu ilikuwa safi, kwa sababu wageni wao walikuwa wachache na magodoro hayakufunguliwa katika kamba zake.

Laiti yule wa kwanza angaliniambia neno moja siku ya kurudisha vitu, mambo yangalikomea pale. Lakini simlaumu yeye peke yake. Mimi nilizoea kuyapokea magodoro usiku, nikayahesabu, nikatia saini, nikafunga mlango. Nilihesabu idadi tu, sikufungua hata moja. Kosa hilo ni langu, nami naomba liandikwe katika taarifa kama nilivyolisema.

Sasa kuhusu hili neno la uchafu. Kunguni hazaliwi na uchafu. Huletwa, naye huja katika sanduku, katika kiti cha basi la usiku, katika kochi lililonunuliwa mkono wa pili, au katika godoro la Chama. Akiisha ingia, hula damu ya tajiri na ya maskini kwa hamu moja. Mwaka 2023 magazeti ya dunia yalijaa habari za kunguni wa Paris, katika treni na majumba ya sinema, wala hakuna aliyesema kwamba Ufaransa nzima haiogi. Ni kweli kwamba nyumba yenye vitu vingi vilivyorundikwa humpa maficho mengi zaidi, na ni kweli pia kwamba usafi humfanya aonekane mapema. Zaidi ya hayo usafi haumzuii.

Jambo jingine linaloleta fitina ni kwamba miili haifanani. Mtu mmoja akiumwa huvimba na kuwasha siku kadhaa. Mwingine alalaye naye kitanda kimoja haonyeshi alama hata moja. Nimeisikia nyumba ambayo mume alikuwa na alama mgongoni zilizojipanga mstari, na mke hana, wakapelekana kwa mganga kutafuta aliyemroga. Pesa walizomlipa zingaliwatosha kununua makaa ya kuchemshia maji ya mwezi mzima.

Tena wengi huuliza juu ya maradhi. Hakuna ushahidi kwamba kunguni humwambukiza mtu malaria au ukimwi katika maisha yetu ya kawaida. Madhara yake ni mengine: usingizi uliopotea, mtoto anayesinzia darasani, vidonda vya kujikuna vinavyoingia usaha, na mtoto mchanga anayepungukiwa damu pale kunguni wanapokuwa wengi mno. Na juu ya hayo yote ipo aibu, ambayo nimekwisha kuieleza.

Nije kwenye kazi yenyewe ya kumwondoa. Nitasema yale niliyoyafanya katika nyumba yangu, kazi iliyonichukua majuma tisa, na yale niliyofundishwa na afisa wa afya niliyemwendea.

Kwanza, anayegundua kunguni asihame chumba. Sote tuna mwelekeo wa kubeba mto na kwenda kulala sebuleni. Ukifanya hivyo unawachukua wachache pamoja nawe, na waliobaki wataanza kutembea kukutafuta. Badala ya chumba kimoja utakuwa na viwili. Vile vile usilitupe godoro jalalani likiwa zima, kwa maana kabla ya jua kuchwa litakuwa limeokotwa na mtu asiye na godoro. Lisilofaa tena likatwekatwe, lipakwe rangi, lifungwe, ndipo litupwe.

Silaha kubwa kuliko zote ni joto. Kunguni na mayai yake hawawezi kustahimili joto linalopita nyuzi 50 za sentigredi, hufa upesi. Hapa Nairobi, kwa kuwa tupo zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, maji huchemka yakiwa kiasi cha nyuzi 94 au 95, lakini hayo yanatosha kabisa, mradi yafike nyufani yangali yanatokota. Mimi nilikifungua kitanda changu chote, mifumbati mbali, matendegu mbali, chaga mbali, nikavitoa uani. Jiko lilikaa karibu kabisa na kitanda, wala si jikoni, kwa sababu maji yanayobebwa mwendo mrefu hufika vuguvugu, na vuguvugu ni kumwogesha tu. Nilimimina kwa birika lenye mdomo mwembamba, polepole, katika kila tundu na kila kiungo. Mashuka, foronya na nguo zinazovumilia zilichemshwa sufuriani. Zisizovumilia zilipigwa pasi ya moto, hasa kwenye mishono, mkono ukienda polepole. Hata mishono ya godoro niliipiga pasi juu ya kitambaa chenye unyevu, nikisikiliza jinsi wanavyopasuka. Watoto wangu walikipenda kipindi hicho.

Wengi wetu hutegemea jua. Mama zetu walianika vitanda vya kamba tangu zamani, na haikuwa kazi bure, kwa maana kitanda cha kamba hakina unene wa kujifichia ila kwenye viungo vyake. Godoro la sponji ni jambo jingine. Ukilianika, kunguni huhamia upande wa kivuli au huzama ndani, na jioni unawarudisha kitandani wameota jua. Jua la Julai ndilo halifai hata kidogo. Dawa ya godoro ambalo bado ni zima ni kulivika mfuko uliozibwa pande zote, wa kitambaa kizito au plastiki imara, wenye zipu isiyopitisha kitu, na mfuko huo usifunguliwe kwa mwaka mzima. Waliomo ndani hawawezi kuuma wala kutoka, nao watakufa kwa njaa. Msidhani watakufa kwa juma moja. Kunguni mzima huweza kukaa miezi bila kula.

Kitanda kikiisha kusafishwa, kisogezwe mbali na ukuta kadiri ya shibiri moja. Kila tendegu lisimame ndani ya kopo lenye maji na sabuni kidogo, na shuka au blanketi lisiburuze sakafuni. Hapo kitanda kinakuwa kisiwa. Chandarua nacho kichomekwe chini ya godoro, kisining'inie. Nawasihi hasa juu ya chandarua: nimesikia watu wakikitupa kwa kuwa wamekuta kunguni katika pindo zake. Kichemeni kosa hilo la kukitupa, kwa maana mbu wa malaria angali yupo. Kifueni kama kilivyoandikwa, kikauke kivulini, kikirudi kitandani kikaguliwe.

Ukuta usisahauliwe. Katika nyumba zile za Majengo ya Pumwani, zenye ukumbi katikati na vyumba pande zote mbili, ukuta wa udongo na fito ukipasuka huwa njia kuu ya kunguni kutoka chumba hadi chumba. Nyufa zizibwe kwa udongo, chokaa au saruji. Na kama nyumba ina wapangaji sita, kazi ifanywe na wote sita siku moja. Mmoja akifanya peke yake atapata nafuu ya juma mbili, kisha wageni watarudi kutoka kwa jirani. Mwenye nyumba naye aambiwe, na aambiwe na wapangaji wote pamoja, kwa maana akiambiwa na mmoja humwona huyo mmoja kuwa ndiye mkosaji.

Halafu kazi irudiwe kila siku ya saba. Hapa ndipo wengi hushindwa. Siku ya kwanza nyumba nzima hufanya kazi kwa bidii, usiku hulala vizuri, na watu husema wamekwisha. Lakini yai moja lililosalia katika tundu la msumari huanguliwa juma linalofuata. Mimi nilidhani nimemaliza katika juma la nne, na katika juma la tano nikamkuta mtoto wake mmoja katika jalada la kitabu kilichokuwa kando ya mto. Nikaanza upya.

Yapo mambo mengine ya kusaidia. Ule udongo mweupe mwepesi uliochimbwa kwa miaka mingi Kariandusi, karibu na Gilgil, ni mabaki ya viumbe vidogo vya ziwa la kale. Ukisagwa laini na kunyunyizwa kidogo sana nyufani, hunyonya mafuta yanayokinga mwili wa kunguni, akakauka na kufa baada ya siku kadhaa. Usiwekwe juu ya matandiko, wala usivutwe puani, na utafutwe ule uliotengenezwa kwa kazi hiyo, kwa maana upo uliochomwa kwa matumizi ya viwanda ambao vumbi lake hudhuru mapafu. Hali kadhalika wenyeji wa nchi za Balkani, huko Ulaya, walikuwa wakitandaza majani mabichi ya maharagwe sakafuni usiku, na asubuhi huyakusanya na kuyachoma pamoja na kunguni waliokwama. Wengi walidhani ni hadithi, hata mwaka 2013 wataalamu wa Marekani walipoyatazama majani hayo kwa hadubini wakaona vinyweleo vilivyopinda kama ndoana, vinavyomchoma kunguni miguuni na kumshika. Sisi tunaolima maharagwe kila msimu hatukupata kulijua hilo. Nimelijaribu, nikawapata tisa kwa usiku mmoja. Si njia ya kumaliza kazi, lakini huonyesha kama kunguni wamo au hawamo.

Bwana Mwenyekiti, sasa nafika kwenye sumu, na hapa naomba nisikilizwe hasa.

Wazee waliomo humu wanaikumbuka D.D.T. Nguvu yake ya kuua wadudu iligunduliwa mwaka 1939 na Paul Müller wa Uswisi, naye akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1948. Katika miaka ile ilionekana kana kwamba kunguni amekwisha duniani. Kumbe mwaka 1947, huko Hawaii, walikuwa wamekwisha onekana kunguni wasiodhurika nayo, na wachache kama hao ndio waliozaa wengi. Mwaka 2001 Mkataba wa Stockholm uliifungia D.D.T., isitumiwe ila kupigana na wadudu waenezao maradhi. Baadaye zikaja dawa zilizotengenezwa kwa kuiga pareto, lile ua leupe ambalo wakulima wetu wa Molo na Kisii wamelilima miaka mingi. Dawa hizo humpiga kunguni katika mishipa yake ya fahamu pale pale ilipompiga D.D.T., na kwa hiyo ukoo uliozoea kuishinda moja haukupata taabu kubwa kuishinda nyingine. Ndiyo maana mtu hununua chupa ya kupuliza, akapuliza chumba hadi watoto wakakohoa, na usiku akaumwa vile vile. Mara nyingi hata hufanya mambo kuwa mabaya, kwani kunguni walioguswa na dawa bila kufa hutawanyika hadi vyumba vya jirani.

Mtu akiisha kata tamaa, hutafuta kitu kikali zaidi. Hapo ndipo hatari ilipo. Dawa za mashambani na za josho la ng'ombe hazikufanywa kwa ajili ya chumba anacholala mtoto. Mafuta ya taa na petroli vimeunguza nyumba na waliomo. Na kuliko vyote naviogopa vile vidonge vya kuhifadhia mahindi ghalani. Vikipata unyevu wa hewa hutoa gesi iitwayo fosfini, nayo hupenya nyufani na chini ya mlango. Katika nchi za Ghuba, ambako vijana wetu wengi wamekwenda kufanya kazi, watu wamekufa kwa sababu mtu wa chumba cha pili aliviweka kuua kunguni. Na miongoni mwa waliokufa walikuwamo watoto. Vidonge hivyo visiingie katika nyumba ya mtu kwa hali yoyote. Anayetaka dawa amwite mtu wa kazi hiyo aliye na kibali, na dawa iwe imesajiliwa kama sheria ya Kenya itakavyo, katika chombo chenye maandishi yake, si katika chupa ya soda.

Nimebakiwa na habari ya ghala letu. Magodoro yote kumi na mawili nimeyaharibu, kwa idhini ya Halmashauri, na Mweka Hazina ameionyesha hasara hiyo katika ukurasa wa hesabu. Naomba mkutano huu usikubali kununua mengine. Tununue mikeka na mablanketi yanayoweza kuchemshwa, na kwa ajili ya wazee wachache wasioweza kulala chini, magodoro manne yaliyovikwa mifuko ya zipu. Kila kitu kinachorudishwa kipokelewe mchana, kikaguliwe na mimi pamoja na mtu mmoja wa nyumba ile, na viti vigeuzwe chini juu, kwa maana huko nako hukaa. Na mwanachama atakayeniambia kwamba kwake wamo, jina lake halitaingia katika daftari lolote. Vijana wanne wamekwisha kujitolea, na Chama kitatoa makaa na sufuria kubwa.

Nyumba mbili za kwanza zimekwisha kusafishwa kwa njia hiyo. Imebaki ya mama yule, ambaye tulimwachia kunguni wetu na kisha tukamwachia na sifa mbaya. Nilikwenda kwake juma lililopita. Alinisikiliza mlangoni, akasema nikitaka kuyasema hayo niyaseme pale yaliposemewa yale ya kwanza, na ndiyo sababu nimeyasema hapa leo. Jumapili hii, saa nne asubuhi, nitarudi kwake pamoja na Bwana Mwenyekiti na mama wawili wa Halmashauri. Tutakwenda na birika, pasi na jiko. Anayependa kufuatana nasi aje ghalani saa tatu. Mlango utakuwa wazi.